Mayai ya Alexander

Igogo, Mwanza. 23 Februari

Mimi Shigela, kiongozi wa wacheza nyoka wa Igogo, mtu ambaye jina lake linajulikana kuanzia Nansio hadi Shinyanga, na pengine mbele zaidi ila sijafika kuuliza, leo nimeamua kuandika. Shule niliiacha darasa la sita kwa hiari yangu, mwalimu akabaki analia. Lakini kuandika naweza, na safari hii haifai kuachiwa midomo ya watu. Midomo ya watu huongeza chumvi.

Habari yenyewe ni kwamba tunakwenda kucheza mpakani. Serikali yetu na ya Uganda zimeunganisha msitu ulioko kule Kagera, upande wetu na upande wao, pamoja na mabwawa yake, uwe hifadhi moja. Askari wa huku na wa kule watalinda pamoja. Tarehe saba Machi ni sherehe, na wakubwa wametaka ngoma kutoka kila nchi. Nani katutaja sisi? Queen, binti wa dada yangu, aliyesomea wanyamapori na sasa ni ofisa wa hifadhi hiyo hiyo. Aliponipigia simu ilibidi nikae kwenye jiwe.

Alexander nimeshamwambia. Alexander ni chatu wetu, dume, mrefu kuliko nyumba ya jirani. Nilimwokota akiwa mnene kama kidole gumba, nikamlea, sasa ana kabati lake la mbao chumba cha nyuma. Igogo nzima inajua alivyomeza pikipiki ya mwizi. Kwa kweli ilikuwa baiskeli. Novemba alitoroka akakaa wiki kadhaa huko juu kwenye mawe, na aliporudi niliwatangazia watu kwamba alikwenda kugombea ubingwa na chatu wa Nyegezi, akashinda.

26 Februari

Queen amepiga tena. Shikamoo mjomba, marahaba mwanangu. Kisha akasema tuje na ngoma, majembe ya kuchezea na mavazi yote, lakini nyoka tuje na yule wa kuchonga. Chatu hai havuki mpaka bila kibali cha nchi zote mbili, na muda wa kukitafuta haupo. Mwisho akasema taratibu, "Mjomba, nakuomba. Ukija naye, mimi nimekwisha."

Nikasema sawa. Nilisema sawa ile ya mtu mzima kumwambia mtoto aliyemkataza sigara.

Mcheza nyoka asiye na nyoka ni nani? Ni mzee anayerukaruka. Mke wangu Bernadeta alikuwa anachambua dagaa pale mlangoni, akasikia kila neno. Akaniambia, "Baba Rose, mtoto amekuomba." Nikamjibu wanawake hawajui mambo ya jukwaani. Akaendelea na dagaa wake.

2 Machi

Malimi, mpigaji wetu, amefungua ngozi ya ngoma kubwa. Tumetoboa matundu ya hewa ubavuni, tukayapaka rangi yasionekane, kisha tukamwingiza Alexander, Malimi akafunga ngozi upya. Ameingia kwa kubanwa. Amenenepa kuliko nilivyomzoea. Nikasema ni matunzo.

4 Machi, melini

Ziwa limetulia. Nimewasimulia abiria nilivyowahi kuogelea toka Ukerewe na mbuzi begani. Mama mmoja akauliza mbuzi alikuwa wa rangi gani. Nimemjibu mweupe.

6 Machi, mpakani

Ninaandika kwenye benchi la polisi na wamenirudishia kalamu tu, mkanda wangu wameuweka.

Tulifika mchana, mvua imetoka kupiga. Nilitegemea mpaka uwe na ukuta, huku bunduki, kule bunduki. Baba yangu mdogo alirudi toka vita vya Kagera akichechemea, akatulea kwa kutuambia kwamba watu wa upande ule hawacheki na binadamu. Nimekuta bati moja. Chini yake meza ya Mtanzania na meza ya Mganda zimegusana, na wanaazimana mhuri. Nilisimama mdomo wazi hadi Malimi akanisukuma.

Aliyetukagua ni kijana wetu wa Magu anaitwa Chenge. Kusikia Kisukuma chetu akafurahi mpaka akaacha kukagua. Nikajua tumepita. Sasa yule bwana, kumbe kwao ni wapiga ngoma. Akamwomba Malimi apige kidogo, amekaa mpakani miezi mingi hajasikia ngoma ya nyumbani. Malimi akapiga ndogo. Chenge akacheza na buti zake, watu wakakusanyika. Kisha akasema apige kubwa.

Malimi akaniangalia. Nikamwangalia. Akapiga.

Haikulia. Ilitoa mlio wa mtu anayepiga gunia la unga. Chenge akaacha kucheza. Akaja akaweka kiganja juu ya ngozi, akagonga pembeni, akagonga katikati, akatabasamu. "Mzee Shigela," akasema, "hii ngoma ina mimba."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Ndipo ngoma ikasogea yenyewe.

Sitaandika kelele zilizofuata. Waliitwa askari wa hifadhi wa pande zote mbili. Wetu ni Mhaya anaitwa Byabato, mrefu, msemaji. Wao ni mama anaitwa Annet, mfupi, haongei. Ngozi ikafunguliwa, Alexander akatoa kichwa, na mimi nikafanya kama nilivyozoea kufanya nikiona watu wengi wananitazama. Nilipandisha sauti. Nikawaambia wananichelewesha bure, wamwulize Queen, ofisa wao mkubwa, yeye ndiye aliyeniruhusu kuja na huyu nyoka.

Nilisema hivyo. Neno lilitoka lenyewe, tamu, kama hadithi zangu zote. Chenge akaliandika.

7 Machi

Sherehe imefanyika. Nimeisikia toka hapa polisi, sauti ya spika inakuja na upepo. Kundi langu wameruhusiwa kucheza bila mimi na bila nyoka. Wamecheza na majembe tu. Malimi alipita kuniaga jioni, akasema wageni walisimama wote, wakaomba warudie.

Walisimama wote. Bila mimi.

8 Machi

Queen amekuja. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, kwa machozi, hata kwa kofi. Amesema, "Shikamoo, mjomba." Hata leo, shikamoo.

Amesimamishwa kazi. Byabato ndiye aliyenieleza, na ameeleza polepole kama anayeongea na mgonjwa. Kamati ya pamoja ya nchi mbili itakaa mwezi wa sita. Ikiona kwamba Queen aliniruhusu, basi mimi sina kosa, kosa ni la aliyetoa ruhusa asiyo na mamlaka nayo. Alexander atarudi Mwanza na mimi, na Queen atafukuzwa. Ikiona hakuniruhusu, Queen anarudi kazini, Alexander anakuwa mali ya hifadhi, na mimi ndiye mwenye kesi.

Nikauliza hakuna njia ya tatu? Byabato akasema, "Wewe Msukuma, huu si mnada wa ng'ombe."

Wamenipa dhamana, ila nisitoke wilayani mpaka kamati ikae. Byabato kanichukua kituoni kwake msituni, nikate majani na kufagia.

11 Machi, kituo cha msituni

Sijawahi kuona jambo kama hili na nimeona mengi.

Alexander wamemweka kwenye banda la wavu upande wa Uganda, mwendo mfupi tu toka hapa tunapolala. Asubuhi Annet alikuja kuniita kwa mkono, bila neno. Tukaenda. Alexander amejiviringisha kama ngata ya kubebea mtungi, na katikati ya ngata ile kuna vitu vyeupe, vikubwa kuliko mayai ya bata, vimegandana.

Nikasema kuna mtu ameiba mayai mahali akayaweka pale. Annet akatikisa kichwa.

"Ssebo," akasema, ndivyo wanavyoita bwana kwao, "huyu si dume. Ni mama."

Miaka kumi na moja. Nimemwita dume mbele ya wakuu wa wilaya. Nimesimulia wake zake. Nimeketi chini pale pale kwenye matope, na Byabato, badala ya kunionea huruma, alicheka mpaka akashika mti. Sasa Novemba naielewa. Huko kwenye mawe hakwenda kugombea ubingwa.

12 Machi

Simu zimelia kutwa. Mama ni wa Mwanza, baba wa mawe ya Mwanza, mayai yametagwa Uganda. Ni ya nani? Niliamini sasa watagombana, nikatafuta mahali pa kujificha bunduki zikianza. Hawakugombana. Annet na Byabato wamekaa kwenye gogo moja, wakaandika taarifa moja, wakatia sahihi wote. Mayai hayahamishwi, yakigeuzwa yatakufa. Mama anabaki nayo mpaka yaanguliwe. Watalinda zamu, usiku Waganda, mchana sisi.

15 Machi

Mvua. Ndizi mchana, ndizi jioni.

19 Machi

Mvua. Nimemwambia Byabato ndizi ni chakula cha wagonjwa. Akasema nimefika hospitali basi. Huyu ni nshomile kamili, Mhaya wa kujivunia usomi, akipika uji anautaja kwa Kiingereza.

24 Machi

Annet amenitengenezea chai ya maziwa. Nimeinusa kwanza. Naandika hili kwa aibu, baba yangu mdogo alitutisha sana. Ilikuwa chai.

2 Aprili

Ninaandika kwa mkono wa kushoto. Msomaji anisamehe herufi.

Tangu atage, Alexander hajala. Byabato ameniambia ndivyo walivyo, hawali wakilalia mayai. Lakini Byabato amesoma kitabu, mimi nimelea. Nilimwona amekonda, ngozi imekunjika shingoni, nikashindwa kuvumilia. Na leo palikuwa na askari wageni, vijana wa nchi zote mbili, wamekaa wanaburudika na hadithi zangu. Nimewaambia huyu nyoka ananijua kuliko mke wangu. Nimewaambia nikimpigia mluzi huinua kichwa. Mmoja akasema mzee, tuonyeshe.

Nilichukua kuku wa Byabato. Nikafungua mlango wa wavu. Byabato aliniita kwa mbali, sikugeuka. Nikaingia napiga mluzi.

Sikumwona akija. Watu huuliza nyoka huanzaje kushambulia. Haanzi. Nilikuwa nina mkono, kisha mkono ulikuwa kinywani mwake, na meno yamelala kwa ndani kama ndoano, kila ukivuta yanazama. Aliniangalia. Hayo ndiyo ninayotaka kuandika hata kama mkono huu mwingine unachoka. Aliniangalia kwa macho yale yale ya miaka kumi na moja, na hamkuwa na mtu yeyote mle ndani anayeitwa Shigela.

Byabato na Annet walimfungua taya pamoja, Byabato akiwa ameshika juu, Annet chini, hawakuambiana neno, kama watu waliozaliwa nyumba moja. Kuku alikimbia. Nimeshonwa kwenye zahanati ya upande wa Uganda kwa sababu ndiyo iko karibu. Muuguzi aliniuliza nimeumwa na nini. Nikamwambia chui.

3 Aprili

Homa.

4 Aprili

Homa. Byabato amenisongea ugali. Amesonga vibaya, una madonge. Nimeula wote.

20 Aprili

Sasa nakaa nje ya wavu tu. Zamu yangu ya mchana nimepewa rasmi, Annet kasema mtu aliyeumwa ndiye mlinzi mzuri. Mvua ikinyesha Alexander hujibana zaidi, na mara kwa mara mwili wake wote hutetemeka. Nilidhani ana baridi. Annet kaniambia anatetemeka ili ayape joto mayai. Nimekaa naye miaka yote hiyo, nimemvaa shingoni kwenye sherehe za mbio za mwenge, na sikujua kwamba anaweza kufanya joto.

11 Mei

Queen amekuja kutoka Mwanza kuniletea sweta na dawa ya mkono. Anakaa kwa mama yake sasa. Amekonda naye. Nimemwonyesha Alexander, akatazama sana, akasahau hasira, akaanza kunieleza mambo ya joto na unyevu kama zamani alipokuwa mdogo akinisomea vitabu vyake vya shule na mimi najifanya nilikuwa nayajua.

Nilimwuliza kwenye kamati atasema nini. Akasema, "Nitasema ukweli, mjomba. Hawataniamini. Wewe ulisema mbele ya watu. Mimi nilisema kwenye simu."

Hakuniomba kitu. Nilingoja aniombe, nikaandaa majibu. Alikunja mfuko wa sweta akauweka kwenye mkoba, akaenda kuwahi gari.

12 Mei

Nimewaza hivi. Kundi letu bila Alexander ni kundi gani? Harusi tunaitwa kwa ajili yake. Bernadeta amezoea kuitwa mke wa Shigela wa chatu. Na Queen ni kijana, msomi, kazi atapata nyingine. Kila mtu angewaza hivi.

19 Mei

Bado nawaza hivyo. Silali vizuri. Mbu.

4 Juni

Yameanguliwa.

Mvua imekatika tangu wiki iliyopita, na leo jua lilipochomoza ganda moja lilipasuka, kichwa kidogo kikatoka, kikarudi ndani. Ilikuwa kama mtu anachungulia kama wadai wameondoka. Kisha lingine. Hadi mchana walikuwa wametoka wengi, wamechorwa vizuri sana, wanamtambalia mama yao mgongoni. Byabato aliwapigia simu wakubwa wake, Annet wakubwa wake, wote kwa wakati mmoja, na nilisikia Kihaya na Kiganda vinafanana kumbe, maana kila mmoja alikuwa anamsahihisha mwenzake.

Mimi nilimtazama mama. Amebaki ngozi na mifupa. Amekaa siku zote hizo bila chakula, watu wanampigia kelele, mjinga mmoja anamvamia na kuku, hakuondoka. Nilimwita wangu kwa sababu nilimlisha. Yeye wa kwake hakuwalisha hata mara moja, alitetemeka tu.

9 Juni

Kamati kesho. Nimefua shati.

10 Juni

Hema limewekwa pale pale mpakani, viti vya Watanzania na Waganda vimechanganywa. Mwenyekiti ni mzee wa upande wa kule, msaidizi wake mama wa kwetu. Queen amekaa peke yake mstari wa mbele. Nilipopita akainuka kidogo. Shikamoo.

Nikaulizwa nani aliniruhusu.

Nikasema hakuna. Nikasema Queen alinikataza waziwazi, akaniomba, nami nikasema sawa huku namdharau.

Nilidhani imekwisha. Nilidhani ukweli ukisemwa watu hushusha pumzi wakaenda nyumbani. Mwenyekiti akafungua karatasi, akasoma taratibu. Kwamba tarehe sita Machi nilisema Queen ameniruhusu. Kwamba nimewaambia askari nyoka huyu alimeza pikipiki. Kwamba zahanati nilisema nimeumwa na chui. Kwamba nilimweleza Byabato nikiwa na miaka mitano nilimteka askari wa adui kwa manati. Watu wakaanza kucheka, hata walinzi wa nje. Kisha akanitazama kwa upole, na upole ule ndio ulionivunja.

"Mzee," akasema, "wewe ni mjomba wake. Mjomba yeyote angemfunika mtoto. Tukuamini leo kwa nini?"

Maneno yangu yote, yaliyonifanya niitwe kwenye kila harusi ya Igogo, yalikuwa yamepanga mstari upande wa pili wa hema kama mashahidi, na yote yalinitaja kwa jina. Nikamtazama Queen. Alikuwa ametazama chini, kama mtu aliyejua toka mwanzo kwamba itakuwa hivi.

Nikasimama bila kuambiwa. Nikasema, "Mheshimiwa, usiniamini. Iulize ngoma. Mtu mwenye ruhusa angemfungia nyoka ndani ya ngoma kwa nini? Angembeba shingoni, apigwe picha. Mnanijua. Ningekuwa na ruhusa, ningeingia Uganda nimemvaa kama tai."

Kicheko kikakatika. Chenge akaitwa, akaeleza ile ngoma ilivyolia. Annet akaitwa, akasema maneno machache, kwamba matundu ya hewa yalikuwa mapya, yametobolewa kwa makusudi, na yamefichwa kwa rangi. Mwenyekiti na msaidizi wakainamiana.

Queen amerudishwa kazini. Mimi nimepigwa faini na kukatazwa kufuga nyoka maisha yangu yote. Alexander ni wa hifadhi. Nilitia sahihi mara mbili, kwa nchi mbili, kwa mkono wenye makovu.

Queen alinikuta nje nyuma ya hema. Sikutaka anione vile. Alisimama karibu tu, akanishikia kofia.

12 Juni

Wadogo waliachiwa jana majanini, wengine huku wengine kule, hakuna aliyewauliza pasipoti. Leo zamu ya mama.

Walimbeba kwenye sanduku hadi kwenye jiwe la mpaka ndani kabisa ya msitu. Tulikuwa mimi, Queen, Byabato na Annet. Sanduku likafunguliwa. Alitoka nusu, akalala. Ulimi unaingia na kutoka. Tukangoja. Nilijua nikipiga mluzi hatainua kichwa, sikupiga.

Muda ukapita. Annet akasema haendi popote tukiwa tumesimama, anatusikia kwa tumbo lake. Lazima tuondoke sisi. Byabato akanigusa bega akaniambia, "Twende, kaka." Mara ya kwanza hajaniita Msukuma.

Maisha yangu yote mimi ndiye wa mwisho kuondoka uwanjani. Nikatangulia. Nilikaza shingo mpaka ikauma, sikugeuka.

16 Juni, Igogo

Nimefika asubuhi kwa meli. Watu walijaa uani kabla sijavua viatu. Nimewaeleza ngoma, mayai, mkono, kamati. Walisubiri pikipiki, sikuitaja, wakaondoka mmoja mmoja wakisema mzee amechoka na safari.

Bernadeta alinipakulia ugali na sato. Akaniangalia ninavyokula kwa mkono ulioshonwa. Halafu akauliza, yule Alexander mwishowe alielekea upande gani, kwao au kwetu?

Nikamwambia, "Sijui."

Akaweka mwiko chini. Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, akanishika paji la uso kuona kama nina homa.